Je, Yanipasa Kulipia Shule ya Mtoto wa Mwenzangu?



Msimu wa korosho unakaribia tena, na katika vijiji vyetu vya upande huu wa Kiegei watu wamekwisha anza kufyeka chini ya mikorosho. Pamoja na kazi hiyo huja mikutano. Katika mkutano mmoja wa kijiji, ambao nami nilihudhuria, lililetwa pendekezo hili: kila mkulima akatwe shilingi chache katika kila kilo ya korosho atakayouza kwa njia ya chama cha msingi, na fedha hizo ziwe za shule. Yaani kuezeka darasa ambalo kuta zake zimesimama muda mrefu bila bati, kuongeza matundu ya vyoo, na kuwapatia watoto uji wa saa nne.

Mwenyekiti alipouliza kama yuko mwenye neno, alisimama mzee mmoja, mtu mpole asiyesema sana. Alisema, "Mimi sina mtoto shuleni. Niliokuwa nao wamekua wakaondoka, na mmoja amelala makaburini. Mikorosho nimeipanda kwa mikono yangu. Nielezeni basi, kwa nini nimlipie mtoto wa mtu mwingine?"

Baadhi ya watu walicheka. Mmoja alinong'ona kwamba mzee ni bahili. Mwenyekiti akaomba wanaokubali pendekezo wainue mikono. Ikainuka michache, na shauri likaahirishwa hadi mkutano mwingine. Mimi sikucheka, lakini na mkono wangu sikuuinua. Watoto wangu wamemaliza shule, nami napata pensheni yangu ndogo; nilikaa kimya nikiangalia chini, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Tangu siku hiyo swali la mzee yule limenifuata nyumbani, shambani na hata kanisani. Naandika haya ili tulitazame pamoja kabla hatujaitwa tena mkutanoni.

MKONO UNAOFUNGA WENGINE

Kwanza tukumbuke kwamba jambo hili limewekwa mikononi mwetu wenyewe. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Halmashauri ya kijiji yaweza kutunga sheria ndogo, lakini sharti iwasikilize kwanza wanakijiji, na baadaye sheria hiyo ikubaliwe na halmashauri ya wilaya. Basi mkono unaoinuliwa chini ya mwembe si mchezo. Ukishapita uamuzi, unamfunga hata yule ambaye hakuinua wake.

Wako watu wengine duniani wanaoulizwa swali kama letu. Katika jimbo la California, huko Marekani, wananchi hupiga kura juu ya kodi zenyewe, si juu ya viongozi tu. Mwaka 1978 walipiga kura kwamba kodi ya nyumba na ardhi isizidi asilimia moja ya thamani yake. Wenye nyumba walipata nafuu. Lakini shule zilizokuwa zikitegemea sana kodi ile zilipungukiwa, ikawa lazima zitegemee zaidi hazina ya jimbo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1998, watu wa jimbo hilo hilo walipiga kura tena, wakakubali kuongeza senti 50 katika kila pakiti ya sigara, fedha ziende kwa watoto wadogo tangu wakiwa tumboni hadi miaka mitano. Kura hiyo ilipita kwa tofauti ndogo sana. Mnaona, ndugu zangu? Kodi ya kwanza ilikuwa ya wenye nyumba, nao wakaipunguza. Ya pili ilikuwa ya wavutaji wa sigara, na watu wengi hawavuti. Ni rahisi kuinua mkono kwa kodi atakayolipa mwingine. Neno hili tuliweke akiba, tutalirudia.

HOFU YENYE SABABU

Kabla ya kumhukumu mzee wetu, tukumbuke jinsi kodi ilivyoingia katika nchi hii. Haikuja kwa mlango wa shule. Ilikuja na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ikatozwa kwa kila nyumba, na asiyekuwa na rupia alitolewa kwenda kufanya kazi. Kodi hiyo, pamoja na kulazimishwa kulima pamba, ilikuwa moja ya sababu za vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, vita vilivyoacha njaa na makaburi katika kusini yote. Waingereza nao walitoza kodi ya nyumba na ya kichwa. Baada ya Uhuru kodi ya namna hiyo iliondolewa, lakini katika miaka ya 1980 ilikuja Kodi ya Maendeleo. Wengi wetu twakumbuka mgambo wakipita alfajiri, na watu wazima wenye wake na watoto wakikimbilia porini. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, na siku zile hakuna aliyeililia.

Hata katika miaka ya karibuni yamekuwako ya kutufikirisha. Ushuru wa korosho zinazouzwa nje ulikuwa na sehemu kubwa, asilimia 65, iliyorudi kuliendeleza zao lenyewe. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, fedha zote zikaingia katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Mwezi wa Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, nasi tukaambiwa kwamba itajenga vituo vya afya na madarasa. Hata hivyo manung'uniko yalikuwa makubwa, kwa kuwa mama aliyemtumia mwanawe fedha za matumizi alikatwa, na yule mtoto alipozitoa alikatwa tena. Serikali ilisikia, ikaipunguza kwa asilimia 30 mwaka huo huo, na tena mwaka uliofuata.

Basi mtu akisikia neno "makato" akashtuka, tusiseme upesi kwamba hana upendo. Huenda amejifunza kwa muda mrefu kwamba fedha huondoka kijijini kwa urahisi na kurudi kwa shida. Katika kitabu cha Nehemia twasoma habari za watu waliolia kwa sababu walikopa fedha za kulipa kodi ya mfalme, wakaweka rehani mashamba na hata watoto wao. Biblia haikukiita kilio kile ubahili. Nehemia alikasirika pamoja nao.

MTOTO NI WA NANI?

Lakini hofu hiyo haijajibu swali lenyewe. Tuseme fedha zinalindwa vizuri na hakuna senti itakayopotea. Je, hapo yanipasa kumlipia mtoto wa mwenzangu?

Mzee aliuliza kana kwamba mtoto ni mali ya baba yake, kama vile mkorosho ulivyo mali ya aliyeupanda. Lakini hayo si mafundisho ya wazee wetu. Katika jamaa zetu za Wamwera, na kwa jirani zetu Wamakua, Wayao na Wamakonde, ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na neno kubwa katika maisha ya mpwa wake. Mtu asiyezaa hakuwa nje ya malezi. Alikuwa mjomba, alikuwa shangazi, alikuwa nyanya. Mtoto alipokwenda jandoni au unyagoni hakufundishwa na baba yake au mama yake tu. Alifundishwa na wakubwa wa kijiji, na kijiji chote kilimlisha siku zile, na kumpokea kwa ngoma aliporudi. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliliona jambo hilo. Hakuifuta jando, bali aliitafutia mahali katika maisha ya Kanisa, kwa kuwa alitambua kwamba ndani yake jamii nzima inamchukua mtoto kuwa wake.

Na sisi Wakristo twafanyaje kisimani pa ubatizo? Mtoto haletwi na wazazi peke yao. Wako wasimamizi, baba na mama wa ubatizo, ambao mara nyingi hawana damu moja naye, nao huahidi mbele ya Mungu kumwangalia. Nasi tuliokaa kwenye mabenchi twasikia ahadi hiyo na kumpokea katika jamaa. Hatuwezi kumpokea Jumapili kuwa wetu, na Jumatatu saa nne, anapokaa darasani na njaa, tukamwita mtoto wa mtu mwingine.

Tena, nani alitulipia sisi? Wamisionari walifika Masasi na Askofu Steere mwaka 1876, pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Shule walizoanzisha, ambamo babu zetu walijifunza kusoma, zilisaidiwa na sadaka za watu wa Uingereza ambao hawakupata kuziona nyuso zetu. Baada ya Uhuru, ilikuwa kazi ya taifa zima. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alionyesha kwamba karibu sehemu moja katika tano ya mapato ya Serikali ya mwaka ilitumika kwa elimu. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka watoto wote waingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Fedha hizo zilitoka kwa wakulima wa pamba, kahawa, katani na korosho, ambao wengi wao hawakujua kuandika majina yao. Mwalimu alitoa mfano wa kijiji chenye njaa ambacho watu wake wanampa mtu mmoja chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea msaada. Akila chakula kile asirudi, amewasaliti.

Mimi ni mmoja wa waliopewa chakula kile. Nilisomeshwa kwa jasho la watu nisiowajua, hata nikapata kazi, hata nikapata pensheni. Nilipokaa kimya mkutanoni nikiangalia chini, nilikuwa nikila chakula cha kijiji. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini deni hili la elimu haliwezi kulipwa kwa aliyelitoa, kwa kuwa yeye amekwisha kufa. Hulipwa kwa mtoto anayekuja nyuma.

KWA NINI ISIWE SADAKA TU?

Mtu atasema, "Vema, basi tuombe sadaka. Atakayeguswa atoe. Mtume Paulo hakufundisha kwamba kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, bila kulazimishwa?" Ni kweli, alifundisha hivyo. Nami nampenda mtu atoaye kwa moyo. Lakini tutazame mambo yalivyo. Kila mwaka, mchango wa hiari unapotangazwa, huja wale wale. Mama yule yule huleta debe la mahindi, na fundi yule yule huja kushika mwiko bila malipo. Wengine hukaa mbali, na watoto wao hunywa uji ule ule. Baada ya miaka mitatu hata wale wema huchoka, na uji hukoma. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza hawezi kungoja mpaka mioyo yetu ilainike. Darasa la kwanza halimngojei.

Sadaka ni jambo jema, lakini si kila jambo jema lafaa kuachiwa sadaka. Torati ya Musa iliagiza kwamba kila mwaka wa tatu zaka ya mazao iwekwe malangoni, ili mgeni, yatima na mjane wale na kushiba. Haikusema, "Mkijisikia." Riziki ya yatima haikuwekwa chini ya hali ya moyo wa jirani. Ilikuwa haki yake, na jirani aliyetoa hakupaswa kushukuriwa kama mfadhili.

Atasema tena, "Lakini Serikali imekwisha sema elimu haina malipo." Ndivyo. Tangu Januari 2016 elimu hutolewa bila ada kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita pia. Ni jambo kubwa. Wako watoto wa mtaa wetu ambao bila hilo wasingevuka darasa la saba. Serikali ilipanga kupeleka shuleni ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Tukizigawa kwa siku za masomo, ambazo ni karibu 190, zapatikana kama shilingi 50 kwa siku, na humo wahesabu vitabu, chaki, karatasi na matengenezo. Serikali iliondoa ada, haikuondoa njaa ya saa nne. Twapaswa kuendelea kuidai Serikali sehemu yake, ambayo tumeilipia tayari katika sukari, sabuni na mafuta ya taa. Mchango wetu usiwe mto wa kulalia wakubwa. Lakini wakati tunapodai, mtoto asilale njaa akingoja majibu ya barua.

NANI ALIPE KIASI GANI?

Hapa ndipo twarudi kwenye neno tuliloliweka akiba. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 30, kila mwanamume alitakiwa kutoa nusu shekeli, tajiri asizidishe wala maskini asipunguze. Ile ilikuwa kwa ajili ya upatanisho, kuonyesha kwamba mbele za Mungu roho zetu ni sawa. Lakini zaka haikuwa hivyo. Zaka ilifuata mavuno: aliyevuna sana alitoa sana, aliyevuna kidogo alitoa kidogo. Kwa habari ya kulisha na kufundisha, kipimo cha mavuno ndicho cha haki. Michango ya zamani ya "kila kaya kiasi hiki" ilimpiga mjane mwenye kuku watatu sawasawa na mwenye duka la bati na saruji.

Kukata kwa kilo ni afadhali kuliko kukata kwa kichwa, kwa kuwa mwenye mikorosho mingi hutoa zaidi. Lakini nalo lina kasoro ambazo mkutanoni hatukuzitaja. Kasoro ya kwanza ni mimi. Nina mikorosho michache na pensheni ya kila mwezi. Kwa mpango ule mjane jirani yangu, mwenye mikorosho 40 aliyoachiwa na mumewe, angelipa kuliko mimi, ingawa mimi ndimi mwenye fedha mwaka mzima. Kadhalika mwenye duka, mwenye mashine ya kusaga, mwenye bodaboda na mtumishi wa mshahara. Wote wanao watoto shuleni, na mizani ya ghala haiwagusi. Kama tungeinua mikono siku ile, wengine wetu tungekuwa kama wale wa California, tukipitisha kodi ya mwenzetu.

Kasoro ya pili ni kangomba. Twajua wote kwamba mwenye shida, mtoto akiumwa au sare ikichanika, huuza korosho zake zikiwa bado maua. Huuza kwa bakuli la mlanguzi kwa bei ya kutupa. Korosho hizo hazifiki kwenye mizani kwa jina lake. Yeye amekatwa tayari, tena vibaya kuliko sote, na fedha alizokatwa hazikujenga darasa la mtu yeyote. Tukisema kwamba mtu huyu hakuchangia, tutakuwa tumemwongezea aibu juu ya hasara.

Kwa hiyo nashauri hivi: makato ya kilo yawepo, lakini yaambatane na mchango wa wenye biashara, wenye mishahara na sisi wenye pensheni, kwa kipimo kitakachokubaliwa mkutanoni. Na mzee asiyejiweza, mgonjwa, na mjane mwenye yatima wasitozwe kabisa. Zakayo alipookoka hakusema, "Nitatoa kama wote." Alitazama alicho nacho, akatoa kwa kipimo hicho.

SANDUKU LA YOASHI

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, zimo habari za mfalme Yoashi. Aliagiza kwamba fedha za watu zichukuliwe na makuhani, watengeneze mabomoko ya nyumba ya Bwana. Ikafika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, mabomoko yapo vile vile. Fedha ziliingia, ukuta haukuinuka. Yoashi hakuhubiri juu ya ukarimu, wala hakuwaambia watu watoe zaidi. Kuhani Yehoyada alitwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu mahali ambapo kila aingiaye angeliona. Lilipojaa, alikuja mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, wakazihesabu fedha wakiwa wawili, kisha zikatolewa kwa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi.

Habari hii ingefaa kusomwa katika kila mkutano wa kijiji. Hao waliokuwa wameshindwa kutoa hesabu walikuwa makuhani! Haikuonekana dharau kuwawekea sanduku. Nasi tusione kuwa ni utovu wa adabu kumwuliza mwenyekiti, au mwalimu mkuu, au hata padre na wazee wa kanisa, fedha ziko wapi. Anayeomba fedha kwa jina la watoto ana deni la kutoa hesabu, kama vile sisi tulivyo na deni la kutoa fedha.

Wakazi wa Nachingwea hatuhitaji kwenda mbali kuona mfano. Ardhi hii iliwahi kumeza fedha nyingi za umma. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza Mpango wa Karanga hapa, na huko Kongwa na Urambo. Ililetwa mitambo, ikajengwa reli kutoka Mtwara. Wakulima wanaoijua mvua na udongo hawakuulizwa ipasavyo. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na karibu pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zilikuwa zimekwenda. Nia ilikuwa kubwa na hesabu ilikuwa mbovu.

Basi masharti yetu yawe wazi. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi mitatu. Hesabu ya mfuko wa shule isomwe katika kila mkutano, kwa shilingi, si kwa maneno ya "tumepiga hatua". Ibandikwe ukutani pa ghala na pa shule. Wanaoweka saini wasiwe jamaa moja. Na makato yawe na mwisho: darasa likiezekwa na vyoo vikikamilika, yarudishwe kwetu tuyapigie kura upya, kwa maana kodi iliyokuja kwa muda hupenda kukaa kama mgeni aliyesahau kwao.

MTOTO ASIADHIBIWE

Neno la mwisho katika masharti. Nabii Ezekieli alifundisha kwamba mwana hatachukua uovu wa baba yake. Hata miongozo ya Serikali iliyotolewa baada ya ada kufutwa yakataza kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi hakutoa mchango. Lakini twajua kwamba aibu ina njia nyingi. Mtoto aweza kusimamishwa mstarini, au kukalishwa pembeni wenzake wanapokunywa uji. Tukifanya hivyo, tumechukua fedha za watoto wote na kumpiga nazo mmoja wao. Mwenye deni ni mtu mzima, naye adaiwe kama mtu mzima.

Nilipokuwa nimeandika mpaka hapa, nilidhani nimemjibu mzee wetu. Nikaenda kumtembelea jioni moja nikiwa na hoja zangu zote. Alinikaribisha, tukaketi ukumbini, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia jambo nisilolijua. Yule mtoto wake aliyelala makaburini alirudishwa nyumbani kutoka shuleni, katika miaka ya 1990, kwa ajili ya ada na michango. Mwaka ule mvua ilikuwa mbaya na korosho hazikuwa na bei. Mtoto alikaa nyumbani mwezi, akakaa mwaka, hakurudi tena. Alikwenda kuchimba mawe ya vito mbali, na huko aliugua. "Alikuwa anajua hesabu," alisema mzee. "Wakati ule ninyi nyote mlikuwepo. Hakuna aliyeniuliza mtoto ni wa nani."

Sikuwa na la kumjibu. Miaka ile nilikuwa na kazi na mshahara, na tulikuwa tukisali katika kanisa moja. Nilikuwa nimeandika habari za deni, nikadhani kwamba mdaiwa ni yeye. Kumbe mzee yule ni mdai wetu.

Je, maumivu yake yanamwondolea wajibu kwa watoto wa leo? Sidhani, wala yeye hakusema hivyo. Lakini nimejifunza kwamba hatuwezi kumwendea mtu wa namna ile kwa kumcheka, wala kwa mahubiri. Kama neno la mkutano ni kwamba mtoto wa mmoja ni wa wote, basi yatupasa kuanza kwa kukiri mbele yake kwamba tuliwahi kulisahau neno hilo, na kwamba mtoto wake alilipa kwa kusahau kwetu. Baada ya hapo ndipo twaweza kumwomba, si kumdai, atusaidie ili lisitokee tena kwa mwingine.

Injili ya Mathayo, sura ya 17, yasimulia jinsi watoza walivyomwuliza Petro habari za Bwana wetu na kodi ya hekalu. Alimwonyesha Petro kwamba yeye, kwa kuwa Mwana, hakupaswa kulipa. Kisha alilipa, tena si kwa ajili yake tu. Fedha iliyopatikana kinywani mwa samaki ilitosha watu wawili. Aliyekuwa huru alilipa, na akamlipia mwenzake. Sioni njia nyingine ya kulijibu swali la mzee.

Mkutano utaitishwa tena kabla ya mnada wa kwanza. Mungu akipenda nitakwenda, nami nitainua mkono wangu, na nitaomba pensheni yangu iandikwe katika hesabu. Mzee yule hakuniahidi kwamba atainua wake. Nilipokuwa nikiaga, alinishika mkono mlangoni, akaniuliza neno moja tu: "Hilo sanduku lenu litakuwa na funguo ngapi?"

Nilimwambia kwamba hilo aje aulize yeye mwenyewe mkutanoni, watu wote wakisikia. Amesema atakuja.

Mimi mwenzenu katika Kristo,

Mkristo wa mtaa huu